Kesi dhidi ya Ugali

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja, Kayole na Dandora, mtu akipimwa damu na sukari ikapatikana juu, ushauri wa kwanza atakaousikia ni mmoja: punguza wanga. Mhudumu wa kliniki atausema, jirani ataurudia, na kijana anayefunza watu kunyanyua vyuma ataongeza kwamba ugali ndio adui nambari moja. Ushauri huu una chembe ya ukweli, ndiyo maana umedumu. Kasoro yake ni kwamba unatia kapu moja githeri, soda, ndengu, mandazi, nduma na chai ya vijiko vitatu vya sukari, kana kwamba mwili ukivipokea hauoni tofauti. Tofauti hiyo mwili unaiona, tena kuliko ulimi. Hoja yangu ni kwamba manufaa au madhara ya kabohaidreti hutegemea zaidi jinsi molekuli zake zilivyofungwa, na ni sehemu gani ya kifungo hicho imesalia chakula kinapofika mdomoni. Anayekubali hilo atalazimika kuisikiliza upya kesi dhidi ya ugali, na huenda baadhi ya mashahidi wakahamishiwa kizimbani.

Kabohaidreti zote zimejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Tofali lake dogo kabisa ni sukari sahili. Glukosi, ambayo ndiyo inayopimwa kwenye damu, ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Fruktosi ya matunda na asali ina hesabu ileile, ila atomi zake zimepangwa vingine. Galaktosi nayo ni vivyo hivyo. Sukari hizi huungana mbilimbili. Glukosi ikishikana na fruktosi tunapata sukrosi, yaani sukari ya kawaida ya dukani. Glukosi na galaktosi hutoa laktosi ya maziwa. Glukosi mbili hutoa maltosi, ile inayojitokeza wimbi linapooteshwa kuwa kimea cha kutengenezea busaa. Laktosi ina kisa chake cha pekee: watu wazima wengi duniani hawana kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja, lakini mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba jamii nyingi za wafugaji wa Kenya na Tanzania zina badiliko la jeni linalowawezesha kunywa maziwa maisha yote, na kwamba badiliko hilo lilizuka huku peke yake, mbali na lile la Ulaya. Asiye nalo huvumilia mala kwa urahisi zaidi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi kabla yake.

Baada ya hapo kuna minyororo mirefu, na humo ndimo mambo yanapokolea. Mmea ukitaka kuweka akiba ya glukosi, huiunganisha mamia hata maelfu ya mara ukapata wanga. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo na kupata glikojeni, ambayo huhifadhiwa kwenye ini, takriban gramu 100, na kwenye misuli, mara nne ya hapo au zaidi kwa mtu mzima. Mmea uohuo ukitaka kujenga ukuta badala ya ghala, huchukua glukosi ileile na kuiunganisha kwa kiungo kilichogeuzwa upande. Badiliko hilo tu linatosha. Mnyororo wa wanga hujisokota na kuacha nafasi ambamo vimeng'enya vyetu vinaingia kukata. Mnyororo wa selulosi hunyooka, hulala sambamba na mingine na kushikamana nayo, na sisi hatuna kimeng'enya hata kimoja cha kuukata. Kwa hiyo selulosi ya ganda la mahindi na wanga ulio ndani yake vimefanyizwa kwa tofali moja. Kimoja huingia kwenye damu, kingine hupita hadi utumbo mpana, na njiani hupunguza kasi ya vingine, hushika maji na kukipa choo uzito. Huko chini bakteria hujaribu bahati yao nacho, pamoja na nyuzinyuzi nyingine laini ambazo kwao ni karamu.

Hata wanga wenyewe haufanani. Una sehemu mbili: amilosi, mnyororo mnyoofu usio na matawi mengi, na amilopektini, wenye matawi tele. Matawi huacha muundo uliofunguka, unaovipa vimeng'enya nafasi nyingi za kukata. Amilosi ni kama matatu ya mlango mmoja, abiria wanashuka kwa foleni. Amilopektini ni matatu iliyotobolewa milango pande zote, wote wanamwagika kituoni kwa mpigo. Katika mahindi ya kawaida amilosi ni kama robo ya wanga. Katika maharagwe na ndengu huwa zaidi ya hapo, na tena wanga wa jamii hiyo umefungiwa ndani ya kuta za seli ambazo hazipasuki zote hata baada ya kuchemshwa saa mbili. Hii ndiyo sababu sahani ya madondo hupandisha sukari ya damu polepole kuliko sahani ya ugali yenye kabohaidreti kiasi kilekile. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake huko Toronto waliipa tofauti hii kipimo, fahirisi ya glaisemia, na tangu wakati huo kunde za kila aina zimekuwa zikiangukia upande wa chini wa orodha.

Sasa turudi kwenye mahindi. Punje nzima iliyochemshwa kwenye githeri, au nyoyo kama wasemavyo Waluo, bado ni ghala lenye kuta. Meno huivunja vipande, na vimeng'enya hufanya kazi kutoka nje kuelekea ndani. Punje hiyohiyo ikisagwa kuwa vumbi, kuta huvunjika na eneo la kushambuliwa huongezeka mara nyingi. Ukitia vumbi hilo kwenye maji yanayochemka, chembechembe za wanga hunywa maji, huvimba na kupoteza mpangilio wake, na hapo ndipo uji hushika uzito na ugali ukawezekana. Kwa hiyo ugali wa aina yoyote hukimbilia damuni upesi kuliko githeri, na wanaoushtaki wana haki katika hilo. Lakini kabla ya sufuria kuna mashine, na mashine hizo ni za namna mbili. Mashine ya posho ya mtaani husaga punje yote: ganda, kiini chenye mafuta, na ile sehemu nyeupe ya wanga. Kinu kikubwa cha kiwandani huondoa ganda na kiini kwanza. Unga wa mahindi mazima huwa na takriban gramu 7 za nyuzinyuzi kwa kila gramu 100. Ule mweupe uliokobolewa na kuchekechwa hubaki na nusu ya hizo, mara nyingi chini ya nusu. Na weupe huo haukubuniwa kwa ajili ya afya ya mlaji. Kiini kina mafuta, mafuta huvunda, na unga wenye kiini haukai miezi kwenye rafu ya duka. Ganda na kiini hicho huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Ng'ombe wa viungani mwa Nairobi hupata nyuzinyuzi, vitamini na mafuta ya mahindi. Mwenye kulipa kodi ya nyumba Kayole hupata wanga mtupu uliowekwa kwenye pakiti inayong'aa.

Ni vyema kukumbuka kwamba mazoea haya si ya kale. Mahindi yaliletwa Afrika kutoka Amerika baada ya safari za Wareno, na katika bara la Kenya yalichukua nafasi ya wimbi, mtama na mawele kwa kishindo katika karne ya 20, yakisukumwa na mashamba ya walowezi na posho waliyogawiwa vibarua wa reli na wa manispaa, wakiwamo wale waliojengewa vyumba katika mitaa ya mwanzo ya mashariki mwa jiji. Mbegu chotara ya H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964 ikakamilisha ushindi huo. Kwa hiyo anayesema ugali mweupe ni mila yetu anasema kweli ya vizazi vichache tu.

Ushahidi kwamba kukoboa kuna gharama ulianza kukusanywa, kwa sehemu kubwa, katika eneo hili letu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929 na baadaye akahamia Uganda, akafanya kazi katika hospitali ya Mulago kwa miaka mingi. Katika miongo hiyo aliona utapiamlo na maambukizi kwa wingi, lakini kisukari cha watu wazima na magonjwa ya mishipa ya moyo aliyaona kwa nadra miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika. Mwaka 1956 kisa kimoja tu cha ugonjwa wa moyo wa aina hiyo kilistahili kuandikwa kwenye jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Pamoja na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago vilevile, alihariri kitabu mwaka 1975 kilichodai kwamba kuondoa nyuzinyuzi kwenye nafaka ndiko kulikoleta maradhi ya nchi tajiri. Msomaji makini atapinga papo hapo: wagonjwa wa hospitali si taifa zima, watu wengi walikufa kabla ya umri wa kupata maradhi hayo, na watu wale walikuwa wakitembea na kulima kutwa. Pingamizi hizo ni za haki, na kwa kazi ya Trowell na Burkitt peke yake kesi isingesimama. Iliyosimamisha ni hesabu ya baadaye. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka na majaribio 58 ya kitabibu. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na hatari ya vifo, magonjwa ya moyo, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana iliyo chini kwa asilimia 15 hadi 30 kuliko waliokula kidogo, na manufaa yalionekana zaidi kwa waliofikisha gramu 25 hadi 29 kwa siku. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaweka kiwango cha angalau gramu 25 kwa mtu mzima, na kusisitiza kwamba kabohaidreti zitoke hasa kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde. Halikusema watu waache kabohaidreti.

Gramu 25 zinapatikanaje mtaani? Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva hutoa gramu kama 11 au 12, karibu nusu ya kiwango hicho. Linganisha na upande wa pili wa meza. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36. Ongeza soda ya nusu lita, ambayo kwa kawaida huwa na takriban gramu 50, na umevuka mbali kiwango cha juu kinachopendekezwa na shirika hilohilo: asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na ikiwezekana nusu ya hiyo. Sukari hii haina ukuta wowote wa kubomolewa. Nusu yake ni glukosi inayoingia damuni upesi, nusu ni fruktosi ambayo sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini huigeuza mafuta. Juisi ya miwa inayokamuliwa mbele ya mteja Barabara ya Jogoo haina tofauti kubwa, kwa kuwa nyuzi zote zimebaki kwenye mashine. Hata anayetafuna miwa huzitema. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kuapa kuacha ugali huku turungi yake ikibaki na sukari ileile, na asihisi kwamba amefanya kichekesho.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la mababu: walikula ugali mkubwa kila siku, hawakuugua. Jibu moja ni kwamba mwingi wa unga wao ulisagwa na punje yake yote, na sukari ilikuwa kitu cha kupimwa. Jibu la pili liko kwenye misuli. Glikojeni ya misuli ni ghala linalojazwa na kutolewa. Msukuma mkokoteni wa Gikomba na mbeba mawe wa mjengo hulimaliza kila siku, na ugali wa usiku hupata pa kuingia. Anayeshinda ameketi kwenye cherehani, kwenye pikipiki au mbele ya kompyuta ana ghala ambalo bado limejaa. Glukosi ikikosa nafasi hubaki damuni, insulini huongezwa, na ziada huishia kuwa mafuta. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi, ilhali miongoni mwa wanaume ni kama mmoja kati ya watano. Kituo cha utafiti cha APHRC, ambacho kimefuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani tangu mwaka 2002, kiliripoti kisukari kwa takriban watu 4 hadi 5 katika kila watu wazima 100, na wengi wa waliokuwa nacho hawakuwa na habari. Dhana kwamba haya ni maradhi ya wenye pesa inapaswa kuzikwa.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la pesa na muda, na linataka kujibiwa kwa heshima. Ugali huiva kwa dakika chache. Maharagwe makavu hula gesi au makaa kwa saa kadhaa. Anayerudi saa mbili usiku kutoka Industrial Area hawezi kuambiwa achemshe githeri. Lakini wakazi wenyewe wamekwisha kulitatua jambo hili bila kumsubiri mtaalamu. Kando ya barabara za Umoja, Kayole na Huruma kuna akina mama wanaochemsha githeri na maharagwe kwa sufuria kubwa na kuyauza kwa kipimo. Mnunuzi hukaanga kwa kitunguu na nyanya, chakula kikaiva upesi kama ugali. Gharama ya moto imegawanywa kwa wateja hamsini. Asubuhi kuna nduma na viazi vitamu vya kuchemsha kando ya mandazi, na vibandani kuna chapo madondo, ambapo chapati ni unga mweupe na mafuta lakini madondo huisahihisha kwa kiasi fulani. Gesi ya tumboni ambayo watu huiogopa hutoka kwenye sukari fupi za jamii ya rafinosi zilizomo kwenye maharagwe. Hatuna kimeng'enya chake, bakteria wanacho. Kuyaloweka usiku na kumwaga maji hupunguza sehemu yake, na tumbo lenyewe huzoea baada ya wiki chache.

Kuna pingamizi jingine ambalo wapenda unga wa posho hulikwepa, nao wasilikwepe. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kuhifadhiwa vibaya huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza, na Wakamba wenye muthokoi wao, yaani mahindi yaliyokobolewa, wana hoja hapa hata kama hawakuitafuta. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2012 sheria huwataka wasagaji wa unga wa pakiti kuurutubisha kwa madini ya chuma, zinki na vitamini, jambo ambalo mashine nyingi za mtaani hazilifanyi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila gorogoro ya mahindi inayopelekwa kusagwa ni bora kuliko kila pakiti. Ninachosema ni kwamba hatari hiyo iko kwenye ukaushaji na uhifadhi, nayo hutatuliwa huko: mahindi makavu, punje zilizooza au kubadilika rangi zikichambuliwa, unga ukisagwa kidogo kidogo wa kutumika mara moja. Kuondoa nyuzinyuzi za taifa zima ili kufidia maghala mabovu ni tiba ghali, na wanaoilipia ni walaji wasiojua kwamba waliuziwa tiba.

Wanaotaka kufuta kabohaidreti kabisa, kwa mtindo ulioletwa na video za mitandaoni, wanasahau kwamba ubongo pekee hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku na kwamba nyama na mayai ya kuziba pengo hilo hayauzwi kwa bei ya Dandora. Mwili unaweza kujikimu kwa njia nyingine, ndiyo, lakini kwa mfuko wa wengi mpango huo hufa kabla ya mwisho wa mwezi, kisha mtu hurudi kwenye mandazi kwa hasira. Kwa aliye na kisukari tayari, kipimo cha sahani bado kina maana: githeri nyingi mno itapandisha sukari, ila polepole, na ugali wa jana uliopoa, ambao sehemu ndogo ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, hauwi dawa kwa sababu hiyo. Atakayejua ukweli wake ni yule mwenye kupima sukari ya damu kabla na baada ya kula.

Kwa watoto, mfano wa kuangaliwa uko karibu. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023, huwauzia wanafunzi wa shule za umma za Nairobi chakula cha mchana kwa shilingi 5, mara nyingi wali pamoja na maharagwe au ndengu. Wali huo ni mweupe, umekobolewa kama unga wa pakiti, na ungekuwa peke yake ningeupinga kama ninavyopinga soda. Lakini mchuzi unaomwagiwa juu yake una kuta za seli, amilosi, nyuzinyuzi na protini, na kwa mtoto ambaye nyumbani atakula ugali mweupe na sukuma wiki kidogo, kijiko kimoja zaidi cha maharagwe kina faida kuliko kijiko kimoja kilichopunguzwa cha wali. Anayepanga bajeti ya mpango huo aanzie hapo.